Kisanduku cha Ukurasa wa Arobaini na Moja

9 Februari

Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Hakimu, wala mto wangu ambao huwa nauambia kila kitu. Nyegere wako hakupaswa kufa.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne. Karatasi tatu za kwanza ziko chini ya godoro lako, maana kitanda chako Mama hataki kiguswe. Hii ya nne naiandika na daftari la hesabu liko pembeni, na kila nikisikia viatu ukumbini naifunika.

Jumamosi ile ya Januari unaikumbuka kuliko mimi, lakini niache niieleze, nisije nikaishia katikati kama kawaida yangu. Tulikuwa karakanani kwa Baba, kwenye meza yake ya kujalidia vitabu, tumesogeza kando kibanio na makopo ya gundi. Hakimu amekaa juu ya ngazi ili atuangalie kutoka juu, anasimulia mchezo. Ametufikisha kwenye daraja la kamba. Mganga wako wa mchezoni akamtanguliza nyegere wake, Mheshimiwa, akanuse ng'ambo, na Mheshimiwa, badala ya kwenda, akamgeukia Pacha akasema kwa ile sauti yako ya puani, "Nani kaacha mlango wazi? Tunafuga upepo humu?" Hakuna mlango, hakuna nyumba, ni daraja tu. Tulicheka mpaka Baba akagonga ukuta. Halafu Hakimu akarusha dadu, jiwe likaporomoka, na Mheshimiwa akabaki hana hata alama moja ya uhai.

Pakawa kimya. Hakimu akaniuliza, "Kamusi, kitabu kinasemaje? Mnyama mwandani akiishiwa alama ndiyo basi?"

Mnaniuliza mimi kwa sababu kitabu cha mchezo kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, na mimi ndiye niliyesomeshwa lugha hiyo tangu chekechea. Ndiyo maana tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kisichokuwemo kwenye daftari la Kamusi si sheria. Nikawasomea ukurasa wa mia na kumi na mbili: kiumbe yeyote aliyeishiwa na alama za uhai amekufa. Hakimu akasema, "Basi. Pole, Redio."

Ukachukua kifutio, ukalifuta jina lake kwenye karatasi yako ya mchezo, taratibu, mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake asubuhi, hata chai hujamaliza, ukamwambia Mama, "Mama Mkubwa, ile shule ya bweni. Nitakwenda." Miezi mitatu ulikuwa unaikataa.

Sasa sikiliza. Juzi nimeona kwamba kurasa mbili za kitabu zilikuwa zimegandana, nadhani kwa gundi ya Baba. Nilipozibandua nikakuta, kwenye ukurasa wa arobaini na moja, kisanduku kidogo kinachosema habari nyingine kuhusu waandani. Kinasema hawafi.

Samahani. Daftari langu lilikuwa na pengo na sikulijua.

Mdogo wako,
Kamusi


21 Februari

Kamusi wangu,

Kwanza, Matroni huzifungua barua zetu kabla hazijatufikia, kwa hiyo: Matroni, shikamoo, ni mimi wa kitanda cha kumi na tisa, na dirisha letu bado halifungi.

Pili, toa takataka zako chini ya godoro langu. Mimi nimeondoka, sijageuka kabati.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya maji na nikacheka peke yangu, mpaka aliye mbele yangu akanisogelea kuuliza kama nina homa. Nikamwambia nyegere wangu amefufuka. Akarudi nyuma hatua mbili. Ikabidi niwaeleze bweni zima: kwamba kuna mmoja anasimulia, wengine wanasema wanafanya nini, dadu zinaamua, na ubishi ukizuka kuna mtoto mmoja mpole anafungua daftari na sote tunanyamaza. Wakasema huyo mtoto mpole ndiye serikali. Sasa hapa unaitwa Serikali.

Usijikondeshe kwa ajili ya mnyama wa penseli. Mimi nina miaka kumi na saba, siwezi kuhama nyumba kwa sababu ya nyegere. Nilikuwa nimekaa kwenu vya kutosha, ndiyo hivyo tu. Mgeni mwenye akili huondoka bado anapendwa. Na gundi ni gundi, nani atamlaumu mtu kwa gundi.

Lakini nataka kukiona hicho kisanduku. Kinakili neno kwa neno, kwa lugha yao halafu kwa yetu, usinitafunie. Na uniambie meza inasema nini. Pacha najua atapinga. Yule ukimwambia jua limetoka anaomba ushahidi.

Msalimie Baba Mkubwa. Mwambie daftari alizonijalidia zimenipa jina hapa, walimu wanazishika kama mayai.

Redio


4 Machi

Dada,

Nimekinakili kwenye karatasi ya pili, kwa lugha zote mbili. Kwa yetu kinasema: "Mwandani wa uganga akiishiwa alama za uhai hafi. Hurudi alikotoka, na bwana wake aweza kumwita tena kwa moto wa saa nzima." Kimeishia hapo. Nimekisoma mpaka macho yanauma na hakuna kilichobaki.

Nilikipeleka mezani Jumamosi. Hakimu akashuka kwenye ngazi, kitu ambacho hujawahi kukiona. Pacha, kama ulivyosema, akapinga: "Arobaini na moja inakuja kabla ya mia na kumi na mbili. Neno la mwisho ndilo lenye nguvu. Mama akisema nenda, halafu akisema kaa, unakaa." Hakimu akamjibu, "Mama yako akisema watoto wote walale, halafu akasema wewe uoshe vyombo, utalala?" Pacha akafikiri sana. Akasema kwao hata ukiosha vyombo unaonekana umelala. Mwisho wakakubaliana kwamba mia na kumi na mbili inasema viumbe wote, kisanduku kinasema waandani tu, na aliyetajwa kwa jina ndiye anayehusika. Kwa hiyo Mheshimiwa anaweza kuitwa.

Ndipo Hakimu akauliza swali lililotukalisha mpaka jioni. Anayekuja akiitwa ni nani? Ni yuleyule anayetujua, au ni nyegere mwingine mwenye sura ileile? Kitabu hakisemi. Nilipekua kurasa zote tisini za uganga. Pacha anasema ni mwingine, kwa sababu kama ni yuleyule basi kufa hakuna maana na yeye atamtuma mwandani wake kwenye kila shimo. Hakimu anasema ni yuleyule, kwa sababu kimeandikwa "kumwita tena", na huwezi kumwita tena mtu ambaye hukuwahi kumwita. Kisha akasema meza haiwezi kuamua. Mwenye mwandani ndiye aseme. Kwa hiyo sema wewe.

Kuna jambo jingine, na hili linaninyima usingizi. Walinisifu. Hakimu alisema bila mimi tusingejua, akanipigia makofi, na Pacha naye akapiga. Kisha Hakimu, kwa nia njema tu, akamwita Baba kutoka chumba cha nyuma. "Mzee, gundi yako ilitaka kutuulia mnyama. Iligandisha kurasa."

Baba alikuja anajifuta mikono. Akakichukua kitabu, akakifungua kwenye arobaini na moja, akakiinamisha kwenye mwanga. Unajua anavyofanya: akalowesha kidole, akakipitisha pembeni mwa ukurasa, juu mpaka chini, akakinusa. Karatasi iliyowahi kugandana huchubuka, aliwahi kutufundisha mimi na wewe siku ile ya mvua. Akaniangalia. Kisha akamwambia Hakimu, "Inawezekana. Siku hizi macho yangu si ya kuaminika. Niwieni radhi."

Baba yangu, Dada. Aliwaomba radhi watoto.

Nasikia mtu ukumbini. Naifunika.

Ni Mama tu, ameleta nguo zangu. Ameuliza naandika nini, nikasema hesabu.

Kamusi


17 Machi

Kamusi,

Leo Matroni hatapata cha kucheka, samahani Matroni.

Mama yangu alipiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Waliniita ofisini kwa msajili, nikasimama kati ya kabati la mafaili na ndoo inayokinga paa linalovuja, nikazungumza naye dakika sita. Miezi mitano tangu mara ya mwisho. Anasema kazi ya kule ni ya zamu, anasema simu yake iliibiwa, anasema nimekua, kana kwamba ananiona. Sauti ni yake. Lakini anazungumza polepole, anatafuta maneno, na akitaka kucheka anasita kwanza. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na upepo ulikuwa unazipeperusha karatasi za msajili chini, na nikamwambia makusudi, "Mama, hapa mlango uko wazi, upepo unaingia." Nikangoja.

Akasema, "Basi ufunge, mwanangu."

Wewe hukuwahi kuishi naye kwa hiyo huwezi kujua. "Tunafuga upepo humu" ni yake. "Ukicheka nitakuhesabia meno" ni yake. Sauti ya puani ni yake akiwa na mafua, na alikuwa na mafua mwaka mzima. Mheshimiwa hakuwa na neno lake mwenyewe hata moja. Nilipoona nimeanza kumsahau Mama, nikamweka mahali ambapo kila Jumamosi ningelazimika kumsemesha. Ndiyo yote. Usimwambie Pacha, atasema anataka ushahidi.

Kwa hiyo lile swali lenu, kwamba anayerudi ni yuleyule au ni mwingine, mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa. Niacheni kwanza. Mwambie Hakimu moto haujawashwa.

Nilikudanganya kwenye barua ya kwanza. Si sana. Ni kweli sikuondoka kwa sababu ya nyegere. Niliondoka kwa sababu siku ile nilihisi kwamba nyumba imechoka nami. Sikuwa na uhakika. Nilihisi tu, mahali fulani katikati ya swali la Hakimu na jibu. Nikaona ni heri niondoke mwenyewe.

Nakuja likizo tarehe tatu. Mwambie Mama Mkubwa asihangaike.

Halafu nilitaka kukuuliza. Hicho kisanduku kilichokuwa kimegandana, juu yake kuna picha ndogo ya mnyama, amejikunja, mkia juu ya pua? Nauliza tu.

Redio


6 Aprili

Dada,

Hii haina stempu. Wewe uko uani unaanua nguo na Mama, naisikia sauti yako kupitia dirishani, na mimi niko kwenye meza yetu chumbani. Umefika siku tatu zilizopita. Tumelala vitanda viwili vilivyoachana kwa hatua moja, umenisimulia habari za bweni zima, umenifanya nicheke mpaka nikakohoa, na hukuuliza tena. Nami sikujibu. Barua yako ilikaa kwangu wiki mbili na nusu, nikaanza majibu sita.

Ndiyo. Kuna picha. Mnyama amejikunja, mkia uko juu ya pua.

Kwenye nakala niliyokutumia sikuichora wala sikuitaja. Kwa hiyo ungeiona wapi, kama si siku ile ile, ukiwa umekaa mkono wangu wa kulia, kitabu kikiwa mapajani mwangu? Lugha huisomi, lakini picha haihitaji kusomeshwa. Uliiona, kisha uliona nikiweka kidole gumba juu ya maandishi yaliyo chini yake. Nikafungua mia na kumi na mbili. Na ndipo katikati ya swali la Hakimu na jibu ulipohisi unachosema ulikihisi.

Hakuna kurasa zilizogandana. Kisanduku nilikijua tangu mwezi wa kumi na moja. Nilipokuwa natafsiri ukurasa ule nilikiruka kwa uvivu, herufi zake ni ndogo na jioni ile nilikuwa na mtihani. Nikasema nitakirudia. Huo ndio uvivu, na kama ingekuwa uvivu tu ningesema pale pale, "Ngojeni, kuna kitu sijakiandika." Maneno manne. Unajua ninavyoogopa kusema maneno manne mbele ya watu. Lakini hata hilo silo, nimechoka kujificha nyuma ya aibu yangu kama vile ni ugonjwa uliothibitishwa na daktari.

Nilitaka unyamaze.

Kitabu kile nilikiona mimi, kwenye rafu ya vitabu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Nilimwomba Baba mimi. Kabla hujaja, Jumamosi nilikuwa nafungua daftari na watu wawili wakubwa kuliko mimi wanangoja nitakachosema. Kwingine kote hakuna anayengoja nitakachosema. Shuleni nazungumza lugha moja na nyumbani nyingine, na katika zote mbili watu huniuliza, "Umesemaje?" Ukaja wewe, na kufikia wiki ya tatu hata Baba alikuwa anauacha wazi mlango wa chumba cha nyuma ili amsikie Mheshimiwa. Mama jikoni alikuwa anasema "tunafuga upepo humu" na kucheka mpaka anafuta macho kwa kanga. Nilidhani anacheka utani wako. Niliposoma barua yako ya Machi ndipo nilipojua alikuwa anamsikia mdogo wake, mama yako.

Kwa hiyo dadu ilipotua, na kila mtu akanigeukia, na kimya kile kikawa changu tena, nilikipenda. Nitasema ukweli, nilikipenda. Kidole kilikwenda chenyewe, lakini nilikiona kinakwenda na sikukizuia. Nilifikiri, Jumamosi moja tu. Jumamosi moja bila nyegere, halafu nitamfufua.

Nimepata Jumamosi kumi na moja. Na chumba kizima.

Siku ile hukukosea. Ila haikuwa nyumba, usiisingizie nyumba. Mama alilia kwenye chumba cha kukunjia nguo, na Baba alijalidi daftari zako kwa ile ngozi aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya kitabu cha ndoa yao. Aliyechoka alikuwa mtu mmoja, mwenye kidole kimoja.

Baba anajua kwamba kurasa hazikuganda. Tangu siku ile hajanigusia. Jana nilikwenda karakanani, nikasimama karibu na kibanio muda mrefu, na yeye akaendelea kushona kurasa. Mwisho akasema, bila kuinua kichwa, "Sindano hii inapita hata kwenye karatasi ngumu, ukiisukuma polepole." Nilishika ncha ya uzi, akashona.

Leo saa tisa meza inakaa. Hakimu tayari amemtuma Pacha kuja kuuliza kama moto utawashwa, na wewe ulimjibu kwamba mganga wako bado anatafuta kuni. Hata ukiamua kutomwita, mimi nitasema mbele yao, pamoja na habari ya gundi, na nitasema Baba akiwa pale. Nimeyaandika maneno yangu kwenye daftari ili nisipotee. Ni sheria sasa, yamo kwenye daftari. Lakini sikutaka uyasikie mezani kwanza, pamoja na Pacha.

Nimeona karatasi yako ya mchezo iko juu ya mto, ile yenye tundu. Uliipeleka bweni na umeirudisha. Nimetafuta kwenye kitabu chote kama kuna sheria kuhusu mtu aliyemfukuza mwandani wa mwenzake. Hakuna. Kama ipo, imekaa mahali ambapo sote wawili hatujui kusoma. Na kuhusu anayerudi, kwamba ni yuleyule au siye, sijui, Dada. Ninachojua ni kwamba mimi huyu ninayekuandikia ndiye yuleyule aliyefunika. Sikutaka uje ukadhani ni mwingine.

Mama amekuita ubebe beseni. Umesema, "Naja, Mama Mkubwa, nachukua kitu chumbani mara moja."

Nasikia ndala zako ukumbini. Ya kushoto huiburuza, tangu zamani. Umepita mlango wa bafu. Daftari la hesabu ninalo mkononi, na nimeliweka sakafuni. Mlango nimeuacha wazi makusudi na upepo unaingia kweli, karatasi inataka kuruka, kwa hiyo nimeishikilia kwa kidole gumba, lakini pembeni kabisa, pasipo na maandishi.